Jina lililokosewa, na nyigu aliyekuwa Uganda

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa sokoni Gakoromone, mjini Meru, nikichagua mapapai. Tunda nililoshika lilikuwa na kitu cheupe karibu na kikonyo, kama unga wa ngano uliomwagika ukashika unyevu. Nikamuuliza mama aliyekuwa akiuza hicho ni nini.

"Hiyo ni ukungu tu, mwalimu," akanijibu, akaifuta kwa kitambaa. "Huku kwetu imeingia sana. Tunanyunyizia dawa ya ukungu lakini wapi, inarudi."

Nikamwonyesha papai lingine na kumwomba atazame kwa makini. Ule unga ulikuwa na miguu. Akainama, akakodoa macho, kisha akacheka kwa mshangao. "Kumbe ni mdudu! Na anaitwa aje?"

Kiswahili kinalo jina la mdudu huyo. Ni kidung'ata. Maandishi ya kilimo ya Tanzania hulitumia bila wasiwasi, na huwatenga vidung'ata, wenye vazi la unga, na vidukari, wale laini wanaojazana kwenye machipukizi ya sukuma wiki, pamoja na vidugamba, wanaojibandika kwenye matawi kama magamba. Kwetu Meru na Embu maneno hayo matatu huyasikii sokoni. Utasikia "wadudu", "ugonjwa" au "ukungu". Anayesema ukungu hununua dawa ya ukungu, na dawa hiyo haimfanyi mdudu chochote. Hata hivyo, mama yule hakukosea kabisa. Kidung'ata hunyonya utomvu wa mmea na kutoa majimaji ya sukari, na juu ya sukari hiyo huota ukungu halisi, mweusi kama masizi. Aliona dalili akaipa jina la kisababishi.

Msomaji asimcheke. Kuna wakati ambapo idara nzima ya serikali, yenye maabara na hadubini, ililikosea jina la kidung'ata mwingine, na kosa hilo likaigharimu nchi hii miaka mingi ya kutafuta tiba mahali ambapo haikuwapo. Makala haya yanasimulia kisa hicho, kwa sababu naona sisi wapenzi wa lugha tumewaachia wanasayansi peke yao.

Kisa chenyewe kilianza mwaka 1923 karibu na Thika. Mibuni ya walowezi ilionekana imefunikwa na unga mweupe kwenye vishada vya maua na matunda machanga. Maua yakaanguka, buni zikadumaa, majani yakawa meusi kwa ule ukungu wa masizi. Kufikia miaka iliyofuata mdudu huyo alikuwa amesambaa katika nyanda za juu zilizo mashariki ya Bonde la Ufa. Hakuishia kwenye kahawa. Aliingia katika mashamba ya chakula ya Waafrika na kushambulia viazi vikuu, mbaazi na karakara, yaani vitu ambavyo hata leo utavikuta Gakoromone kwa msimu wake. Mlowezi aliyepoteza kahawa alipoteza fedha. Mama aliyepoteza viazi vikuu na mbaazi alipoteza mlo wa jioni, ingawa kumbukumbu za kiofisi za wakati huo zinazungumza zaidi juu ya kahawa.

Hatua za kwanza zilikuwa za busara. Ilibainika kwamba sisimizi wadogo wa kahawia, wanaoitwa kitaalamu Pheidole punctulata, waliwachunga vidung'ata kama wafugaji wanavyochunga mbuzi. Waliilamba ile sukari yao, nao wakawafukuzia maadui. Kwa hiyo mashina ya mibuni yalipakwa mkanda wa grisi inayonata ili sisimizi wasipande. Ilisaidia. Lakini ilikuwa kazi ya mikono isiyokwisha, ya kurudiwa mti kwa mti, na tawi moja tu likigusa ardhi au mti wa jirani, basi sisimizi wamepata daraja. Wala hakuna mtu ambaye angepaka grisi kila mche wa mbaazi.

Wakati huo duniani kulikuwa na njia nyingine iliyokuwa imeanza kuaminika. Tangu miaka ya 1880, pale mashamba ya michungwa ya California yalipookolewa na mbawakawa wadogo kutoka Australia, wataalamu walijua kwamba mdudu anayevamia nchi ngeni mara nyingi huwa amewaacha maadui wake kwao. Ukitaka kumdhibiti, mfuate kwao, watafute maadui hao, uwalete. Sharti la njia hii ni moja tu: lazima ujue kwao ni wapi. Na kwao hujulikana kwa jina.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwanza yule mdudu wa Thika alidhaniwa kuwa kidung'ata wa michungwa, Pseudococcus citri kama alivyoitwa siku hizo, ambaye huzagaa pande nyingi za dunia. Baadaye wakasema la, ni Pseudococcus lilacinus, anayejulikana Asia. Jina la pili lilionekana kuwa zuri zaidi kwa sababu lilikuwa na anwani. Basi maadui wa vidung'ata wakatafutwa Asia, wakaletwa Kenya kwa meli, wakazalishwa maabarani, wakaachiliwa mashambani. Wakafa, au wakampuuza mdudu wa Kenya kana kwamba hawamjui. Na kwa kweli hawakuwa wakimjua.

Ni vyema tuelewe kosa hilo lilivyowezekana. Vidung'ata wa aina mbalimbali, ukiwatazama kwa macho, ni unga mweupe na unga mweupe. Anayetaka kuwatambua humchukua jike mzima, humchemsha katika magadi makali hadi nyama yote iyeyuke, hulitia rangi ganda linalobaki na kulilaza juu ya kioo. Kisha huhesabu kwa hadubini vitundu vya nta, mirija na vinyweleo vilivyopangwa pembeni mwa mwili. Tofauti ya spishi moja na nyingine inaweza kuwa safu ya mirija mahali fulani tumboni. Mtu mwenye haraka huliona lile analotarajia kuliona.

Aliyekaa chini akahesabu upya ni R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu katika Idara ya Kilimo ya Kenya. Mwaka 1935 alichapisha maelezo yaliyoonyesha kwamba mdudu wa Thika hakuwa citri wala lilacinus. Alikuwa spishi ambayo haijawahi kupewa jina, na Le Pelley akamwita Pseudococcus kenyae, yaani wa Kenya. (Siku hizi amehamishiwa jenasi ya Planococcus, kwa hiyo huandikwa Planococcus kenyae.)

Kuna kejeli hapa. Jina jipya lilikuwa sahihi kisayansi, lakini lilimpa mdudu uraia asiokuwa nao. "Wa Kenya" huyo alikuwa mgeni Kenya. Mara tu alipokuwa na maelezo yake mwenyewe, iliwezekana kumtafuta kwa uhakika kwingineko, na akapatikana jirani tu, Uganda. Huko alikuwa adimu. Alikuwa akiishi kwa utulivu bila kumsumbua mtu, na panapokuwa na mdudu mharibifu asiyeharibu, mwenye akili huuliza ni nani anayemla. Miaka yote ile watu walikuwa wamevuka Bahari ya Hindi kutafuta dawa iliyokuwa ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria.

Aliyekuwa akimla ni nyigu.

Wengi wetu tukisikia neno nyigu tunamfikiria yule wa manjano anayening'iniza nyumba yake darini na kutupokea kwa mwiba. Huyo ni mmoja tu katika ukoo mpana mno. Oda ya Hymenoptera, jina la Kigiriki lenye maana ya mabawa ya utando, inawakusanya pamoja nyuki, siafu, sisimizi na nyigu wote, na sehemu kubwa ya nyigu hao haijawahi kumuuma mtu. Ni wadogo mno. Yule wa Uganda, wa jenasi ya Anagyrus katika familia ya Encyrtidae, ana urefu wa milimita mbili hivi. Akitua kwenye ukurasa huu unaweza kumdhania nukta iliyopotea njia. Wako wadogo kumpita. Dume la Dicopomorpha echmepterygis, wa familia ya Mymaridae, limepimwa likapatikana na urefu wa milimita 0.139, halina macho wala mabawa, na hakuna mdudu mdogo zaidi anayejulikana.

Jike la Anagyrus hutembea juu ya jani huku likipigapiga papasi zake. Likimpata kidung'ata humchoma kwa mrija wa kutagia na kuacha yai ndani ya mwili wake. (Mwiba wa nyuki ni mrija huo huo uliogeuzwa silaha, ndiyo sababu nyuki dume haumi.) Yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume, kwa hiyo mama huyu huamua jinsia ya mtoto wakati wa kutaga. Buu likianguliwa hula kutoka ndani, na kidung'ata huendelea kwa muda kana kwamba hana neno. Mwishowe ngozi yake hukauka, hutuna na kugeuka rangi ya kahawia kama kijipipa. Siku chache baadaye tundu la mviringo hutobolewa, na nyigu mpya hutoka akiwa amekamilika.

Kiswahili humwita kiumbe anayeishi kwa kunyonya mwingine kimelea. Kupe ni kimelea cha ng'ombe, minyoo ni kimelea chetu. Lakini kupe hana faida na ng'ombe mfu. Nyigu wetu lazima amuue anayemlisha, asipomuua hatoki. Simba naye huua, ila simba huua wengi maishani mwake, ilhali nyigu huyu hula mmoja tu tangu yai hadi ukubwani. Mwaka 1913 mwanazuoni wa Finland, Odo Morannal Reuter, alibuni neno la kumtenga na hao wawili, na kwa matamshi yetu tunaweza kusema parasitoidi. Kwa upande wangu naona "nyigu kimelea" inatosha kwa gazeti na baraza la wakulima, ingawa darasani tutahitaji istilahi kali zaidi, maana neno kimelea linamficha muuaji ndani yake.

Wataalamu humwita anayeliwa "mwenyeji". Wahenga nao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa istilahi hii methali inapinduka miguu juu: mgeni akija, mwenyeji hufa. Inasimama wima tena ukikumbuka kwamba mwenyeji halisi wa shamba ni mkulima.

Mwaka 1938 nyigu hao walikusanywa Uganda, wakaletwa Kenya, wakazalishwa kwa wingi na kuachiliwa. Safari hii waliyemkuta walimtambua. Waliongezeka wenyewe, wakasambaa wenyewe, wakavuka mipaka ya mashamba bila kuuliza ni la nani. Hawakubagua kahawa ya mlowezi na mbaazi ya mwanakijiji. Katika miaka iliyofuata yule mdudu wa unga alirudi kuwa kama alivyokuwa Uganda, mdudu wa kutafutwa kwa tochi. Kufikia mwaka 1959 ilikadiriwa kuwa kazi yote ilikuwa imegharimu kiasi kisichozidi pauni 30,000, na kwamba hasara iliyoepukwa ilifikia pauni milioni 10. Hata ukiikata hesabu hiyo nusu kwa kuishuku, bado ni biashara ambayo hakuna mfanyabiashara wa Gakoromone ambaye angeikataa.

Kwetu Meru na Embu tarehe hizo zina uzito wake. Ni katika miaka hiyo ya 1930 ambapo serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu Waafrika wa Kisii, Embu na Meru kupanda kahawa kwa majaribio, tena kwa masharti makali. Walowezi wengi walipinga. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba shamba dogo la Mwafrika lingekuwa kitalu cha wadudu na magonjwa yatakayowahamia wao. Hoja hiyo nzito ilitolewa miaka michache tu baada ya kidung'ata kujitangaza katika eneo la mashamba yao wenyewe! Wazee wetu waliopanda mibuni yao ya kwanza kwenye miteremko ya Mlima Kenya walianza kilimo hicho wakati ule ule ambapo nyigu alikuwa njiani kuja. Sidhani kuna aliyewaambia.

Na nyigu mwenyewe aliitwaje? Hapa kisa kinageuka tena. Harold Compere, mtaalamu wa California aliyewashughulikia sana nyigu wa vidung'ata, ndiye aliyetoa jina la Anagyrus kivuensis, kutokana na Kivu. Nyigu waliotoka Uganda walifanana naye, lakini wachunguzi makini hawakuridhika kwamba ni yeye hasa. Kwa hiyo katika maandishi mengi mkombozi wa kahawa ya Kenya ameandikwa kwa miaka mingi kama "Anagyrus, spishi iliyo karibu na kivuensis". Ni sawa na kumwita shujaa "yule anayefanana na mtoto wa fulani". Yule mharibifu alipata jina kamili lenye heshima ya taifa, aliyetuokoa akaachiwa jina la kukisia. Ila naipenda adabu ya maneno hayo. Aliyeandika "karibu na" alikumbuka yaliyompata aliyeandika lilacinus bila kusita.

Ungedhani funzo hilo halingesahaulika. Miaka ya 1970 mapema, kidung'ata mwingine alizuka kwenye mihogo katika maeneo ya Kinshasa na Brazzaville, akasambaa kwa kasi katika ukanda wa mihogo wa Afrika. Mwaka 1977 mtaalamu wa Ufaransa, Danièle Matile-Ferrero, alimpa jina la Phenacoccus manihoti. Kwa kuwa muhogo asili yake ni Amerika, wataalamu walikwenda huko, na kaskazini mwa Amerika Kusini wakampata kidung'ata wa mihogo. Wakachukua nyigu wake, wakajaribu, wakashindwa. Alikuwa pacha wa sura tu. Yule wa Afrika ni wa rangi ya waridi na huzaa majike matupu bila dume. Yule waliyempata ana umanjano, na madume anayo. Leo anaitwa Phenacoccus herreni. Manihoti wa kweli alipatikana mwaka 1981 nchini Paraguay, mbali sana kusini, na nyigu wake akaachiliwa Nigeria mwaka huo huo na kuenea nchi baada ya nchi. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa mkurugenzi wa ICIPE, kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya mwenzetu, Profesa Thomas Odhiambo. Nyigu wa mihogo ameitwa Epidinocarsis, kisha Apoanagyrus, na sasa Anagyrus lopezi. Kumbe ni ndugu wa yule wa kahawa.

Msomaji wa ukumbi huu ambaye amewahi kufundisha ngeli atakuwa ameanza kunusa jambo. Mwanafunzi anayetazama umbo la neno peke yake ataliweka "kidung'ata" katika ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kisu. Umbo linamruhusu. Lakini ukimsikiliza mzungumzaji, utasikia kidung'ata huyu ameharibu, vidung'ata hawa wameharibu, kama tunavyosema kifaru huyu na kiboko huyu. Upatanisho ndio unaotoboa siri, na upatanisho ni tabia ya neno likiwa miongoni mwa maneno mengine. Wanasarufi wetu walibishana muda mrefu kama ngeli zipangwe kwa maumbo ya viambishi au kwa upatanisho wa kisarufi. Waainishaji wa nyigu wanabishana vivyo hivyo hadi leo.

Chukua nyigu wa mahindi, Cotesia sesamiae. Huyu hutaga ndani ya viwavi wanaotoboa mabua, na mabuu yake, makumi kadhaa katika kiwavi mmoja, hutoka kwa pamoja na kujisokotea vifuko vyeupe kama punje za mchele. Wa Mombasa na wa Kitale ukiwaweka kwenye kioo kimoja huwezi kuwatenga. Umbo ni lile lile. Sasa mpe kila mmoja kiwavi wa nyanda za juu, Busseola fusca. Yule wa Kitale atazaa. Yule wa Mombasa atataga mayai, na damu ya kiwavi itayazingira na kuyaua. Tofauti iko katika virusi ambavyo nyigu hubeba katika ovari zake na kuvidunga pamoja na mayai ili kuilaza kinga ya kiwavi. Virusi vya mmoja vinaweza, vya mwingine haviwezi. Mtu akichukua nyigu wa Mombasa akamwachilia katika mahindi ya Meru akitegemea jina tu, amerudia safari ya Asia. Na jina lenyewe limeendelea kupasuka: mwaka 2017 watafiti walimtenga Cotesia typhae, kutokana na nyigu waliokusanywa Kenya, wakiwemo wa Makindu, ambao hapo awali wote walihesabiwa kuwa sesamiae.

Embu nao wana kisa chao, tena cha kinyume. Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda aligunduliwa katika pwani ya Kenya, na haukupita muda mrefu akawa janga la maembe nchini, zikiwemo sehemu kavu za chini za Embu na Tharaka. Mwaka 2005 akaitwa Bactrocera invadens, yaani mvamizi. ICIPE wakamleta kutoka Hawaii, mwaka 2006, nyigu Fopius arisanus, anayetaga ndani ya yai la nzi na kutoka nzi akiwa tayari amegeuka bundo. Kwa nini Hawaii? Kwa sababu huko nyigu huyo alikuwa amekwisha kumtuliza nzi mwingine wa Asia, Bactrocera dorsalis, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Nyigu akamkubali mvamizi wetu bila shida. Miaka ikapita, watafiti wakalinganisha maumbo, jeni, harufu za kuvutia majike na uwezo wa kuzaliana, na mwaka 2015 jina la invadens likafutwa rasmi. Alikuwa dorsalis yule yule, anayejulikana tangu mwaka 1912. Thika jina moja lilifunika wadudu wawili. Hapa mdudu mmoja alibeba majina mawili. Nyigu alikuwa amekwisha kutoa hukumu mapema, kwa kutaga.

Nimezungumza na walimu wenzangu kadhaa kuhusu majina ya Kiswahili ya wadudu hawa. Mmoja aliniambia, "Wachana na hayo, mkulima anataka dawa." Ndiyo, lakini dawa ya mkulima ndiyo inayomwua nyigu. Kidung'ata amevaa nta, matone yanateleza. Nyigu hana vazi. Unyunyizaji wa ovyo umewahi kuwarudisha vidung'ata katika mashamba ya kahawa walikokuwa wamesahaulika, kwa kuua walinzi na kuacha wezi. Mkulima hawezi kumhurumia kiumbe asiyekuwa na jina. Kamusi zetu zina nyigu, dondora na mavu, wote wakielezwa kwa mwiba wao, na mtu akisoma maelezo hayo atajua tu kwamba akimwona nyigu amuue. Hakuna hata ingizo moja nililoliona linalosema kwamba wapo nyigu wasiouma, wanaolinda chakula. Wenzetu wa Tanzania walipolitumia neno kidung'ata katika vijitabu vya wakulima walifanya kazi ambayo sisi huku Kenya bado hatujaianza, maana maofisa wetu wa kilimo hupanda jukwaani na jina la Kiingereza, na mkulima hurudi nyumbani na "ukungu".

Nilirudi Gakoromone wiki tatu baadaye. Nilikuwa nimebeba jani la mpapai ndani ya chupa ya jemu, mdomo wake nimeufunga kwa kitambaa. Vidung'ata kadhaa juu ya jani hilo walikuwa wamegeuka vijipipa vya kahawia, baadhi na tundu la mviringo mgongoni, na kwenye kioo vilikuwa vikitembea vidudu vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Yule mama alivaa miwani ya jirani yake anayeuza nguo, akaishika chupa kwenye jua.

"Hawa ndio wanakula ule unga?"

"Ndio hao, mama."

"Na wao wanaitwa aje?"

Nikamwambia ni nyigu. Akaisogeza chupa mbali na uso wake haraka, akanitazama kama mtu aliyedanganywa. "Mwalimu, nyigu si huuma?"